Hospitali ya serikali na hospitali binafsi: ubora wa tiba hupimwa kwa kipi?

Mdogo wangu alipopata ujauzito wake wa kwanza, ukoo mzima ulichanga ili akajifungulie hospitali binafsi. Sababu tulizopeana ni zilezile zinazotolewa katika nyumba nyingi za Dar es Salaam: kwamba hospitali za serikali zina msongamano, kwamba wauguzi wake wana maneno makali, na kwamba mzazi anaweza kulazwa kitanda kimoja na mwenzake. Hospitali tuliyoichagua ilikuwa na mapokezi yenye kiyoyozi na muuguzi aliyemwita kila mgonjwa kwa jina lake. Mtoto alitolewa kwa upasuaji saa tatu usiku, akalia kidogo, kisha akaanza kupumua kwa shida, kifua kikibonyea kila anapovuta hewa. Ndipo tulipofahamu kwamba pale hapakuwa na wodi ya watoto wachanga mahututi wala mashine ya kusaidia mapafu ya kichanga, na kwamba daktari bingwa wa watoto, ambaye jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye ubao wa mapokezi, alikuwa akifika Jumanne na Alhamisi jioni tu. Kabla ya saa sita mtoto alikuwa ndani ya gari la wagonjwa, amefunikwa kanga tatu, akielekea hospitali ya serikali, ileile tuliyokuwa tumeikimbia. Alilazwa kwenye kitanda cha joto pamoja na vichanga wengine wawili, akawekewa mirija ya hewa puani, na muuguzi mmoja aliyekuwa akihudumia chumba kizima alipita kila baada ya muda mfupi, akaitazama ile mirija, akaandika tarakimu kwenye karatasi iliyoning'inia pembeni. Mtoto alipona.

Kisa hiki hakitoshi kuthibitisha kwamba hospitali za serikali ni bora kuliko za binafsi, kwa sababu najua visa vingine vingi vinavyokwenda kinyume chake, na msomaji naye ana vyake. Ninachokiona ndani yake ni jambo lingine. Sisi watu wazima wanane, wengine tukiwa na elimu ya kutosha, tulichagua mahali pa kujifungulia kwa kutazama viti, kiyoyozi na lugha ya mapokezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mtoto akizaliwa hapumui vizuri kutafanyika nini. Kama mtoto yule angefariki alfajiri, kifo chake kingeandikwa katika daftari la hospitali iliyompokea, na mwaka ulipokwisha mtu angelinganisha madaftari mawili na kuona kwamba hospitali binafsi haikupoteza kichanga usiku ule.

Maana tatu za neno moja

Neno ubora hubeba mambo ambayo hayafanani, na mabishano mengi juu ya hospitali huzunguka kwa sababu kila mmoja ameshika maana yake. Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alipendekeza ubora wa tiba utazamwe katika sehemu tatu, na mgawanyo wake bado unatumika. Sehemu ya kwanza ni vitu vilivyopo: majengo, vitanda, mashine, dawa, idadi na elimu ya watumishi. Ya pili ni kinachotendeka kati ya mhudumu na mgonjwa: kama aliulizwa maswali yanayostahili, kama alipimwa kinachopasa kupimwa, kama dawa aliyoandikiwa ndiyo ya ugonjwa wake, na kama alielezwa kwa lugha anayoielewa. Ya tatu ni matokeo: alipona, alibaki na ulemavu, au alifariki.

Mgonjwa huona vizuri sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili huiona nusu, kwa sababu anajua kama amejibiwa kwa adabu lakini hajui kama swali muhimu limesahauliwa. Ya tatu huijua kwa nafsi yake peke yake, naye hana namna ya kujua kama angepona hata bila ile dawa. Homa nyingi huisha zenyewe, na mtu aliyepewa dripu tatu kwa homa ambayo ingeisha siku ya nne huondoka akiisifu dripu.

Nisieleweke kwamba lugha nzuri ni pambo. Mama aliyefokewa leba mbele ya wenzake anaweza kuamua ujauzito unaofuata ajifungulie nyumbani, na uamuzi huo unaweza kumgharimu uhai. Heshima ni sehemu ya tiba, na katika hilo hospitali nyingi za serikali zimewakosea watu kwa muda mrefu. Hata hivyo heshima haiwezi kusimama badala ya oksijeni.

Mstari usionyooka

Tukisema serikali na binafsi, tunazungumza kana kwamba ni kambi mbili zenye ukuta katikati. Kwa hapa Tanzania ukuta huo umejengwa na kubomolewa. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku utoaji wa tiba kwa ajili ya faida, na ni marekebisho ya mwaka 1991 yaliyofungua tena mlango, hivyo sehemu kubwa ya hospitali binafsi za kibiashara tunazoziona mijini zimeota ndani ya miaka thelathini na kidogo iliyopita. Hospitali za misheni zilikuwapo tangu zamani, na ndizo zinazovuruga kabisa hesabu ya kambi mbili. Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi zilifunguliwa mwaka 1971, zikashikwa na serikali kwa miaka kadhaa, kisha zikarejeshwa mikononi mwa makanisa. Leo ni hospitali za rufaa za kanda, na sehemu kubwa ya watumishi wake hulipwa mshahara na serikali. Wilayani kuna hospitali teule, ambazo ni mali ya dayosisi lakini hufanya kazi ya hospitali ya wilaya kwa mkataba. Mgonjwa wa Haydom, hospitali ya kanisa huko Mbulu, akiulizwa kama anatibiwa serikalini au binafsi, atalazimika kufikiri kabla ya kujibu.

Hata madaktari wenyewe ni walewale. Bingwa anayezunguka wodi ya hospitali ya rufaa asubuhi ndiye anayekaa kwenye kliniki binafsi kuanzia saa kumi jioni, na mgonjwa anayelipa kwa ajili ya kumwona jioni anamlipa mtu ambaye asubuhi angemwona kwa gharama ndogo zaidi, endapo foleni ingemfikisha. Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo ina utaratibu wa kliniki za kulipia ndani ya uzio wake, ili bingwa huyo abaki hapohapo na sehemu ya fedha iingie hospitalini.

Kwa hiyo swali la kuvutia zaidi ni hili: daktari yuleyule, akihama kutoka jengo moja kwenda jengo lingine, je, tiba yake hubadilika? Watafiti waliofanya kazi katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India walilijibu kwa njia ya ujanja na ya haki. Waliwafundisha watu wenye afya njema kuigiza dalili za ugonjwa fulani, wakawapeleka kwa madaktari bila kujulikana, na baadhi ya madaktari walitembelewa mara mbili: kwenye kituo chao cha umma na kwenye kliniki yao binafsi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Daktari akiwa kwenye kliniki yake alijibidiisha zaidi, na alielekea zaidi kutoa tiba sahihi, kuliko yeye mwenyewe akiwa kwenye kituo cha umma. Elimu yake haikubadilika alipovuka barabara. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja kipato chake kilitegemea mgonjwa kurudi, na upande wa pili mshahara ulikuja mwisho wa mwezi iwe iwavyo.

Hii ni hoja nzito kwa wanaotetea sekta binafsi, na sioni sababu ya kuificha. Inaungana na tathmini moja iliyochapishwa mwaka 2011, ambayo ilikusanya tafiti 80 kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati zilizolinganisha tiba ya wagonjwa wa nje katika sekta hizi mbili. Sekta binafsi ilionekana kuwa mbele katika upatikanaji wa dawa, katika kumsikiliza mgonjwa na katika bidii ya mhudumu. Katika umahiri wa kitabibu tofauti haikuonekana, na jambo lililowasumbua zaidi waandishi wake ni kwamba ubora ulikuwa duni pande zote mbili.

Kukosa na kuzidisha

Nikitazama hospitali zetu, naona kwamba kila upande una namna yake ya kukosea. Kosa la serikalini, mara nyingi, ni la kukosa. Kosa la binafsi, mara nyingi, ni la kuzidisha.

Kukosa kunaeleweka kwa urahisi kwa sababu kila mtu amesimama mbele ya dirisha la dawa na kuambiwa akanunue nje. Chanzo chake ndicho kisichozungumzwa vya kutosha. Sera ya afya inataka kituo cha serikali kimtibu bila malipo mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza. Ni sera nzuri, na binafsi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini msamaha huo haumfuati mgonjwa ukiwa fedha taslimu: kituo kinatoa glavu, nyuzi na sindano, na hakuna anayekirudishia thamani yake papo hapo. Kituo kikishatumia zaidi ya kinachoingiza, deni lake kwa Bohari ya Dawa, taasisi ya serikali inayosambaza dawa, hukua na oda inayofuata huja pungufu. Kwa ajili hiyo ulianzishwa mfumo wa Jazia, unaokiwezesha kituo kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa, aliyeteuliwa mkoani pale Bohari inapokuwa haina dawa, na umesaidia. Lakini mshitiri naye anataka kulipwa. Matokeo yake ni mama aliyeambiwa huduma ni bure kuonekana na mfuko wa rambo wenye vifaa vyote vya kujifungulia, kuanzia pamba hadi kibanio cha kitovu.

Kukosa kukubwa zaidi ni kwa watu. Mkunga mmoja, usiku, mwenye akina mama sita leba, hawezi kusikiliza mapigo ya moyo wa kila mtoto kila nusu saa kama mwongozo unavyotaka, hata awe mwema kama malaika. Nimeiona patografu, ile chati inayochorwa kufuatilia maendeleo ya uchungu, ikiwa imejazwa asubuhi baada ya mtoto kuzaliwa, nukta zote zikiwa zimepangwa kwenye mstari ulionyooka kupita kiasi. Aliyeijaza alikuwa amechoka, na alijua mkaguzi hutazama kama karatasi imejaa.

Kuzidisha ni vigumu kukuona, kwa kuwa mgonjwa hukuchukulia kama ukarimu. Mama yangu mzazi alipopata homa miaka michache iliyopita, tulimpeleka kwenye zahanati binafsi ya mtaani iliyo safi na yenye watu wa heshima. Ndani ya saa moja alikuwa amepimwa damu, mkojo na choo, na majibu yalirudi kama yanavyorudi kwa nusu ya watu ninaowafahamu: malaria kidogo, taifodi, na UTI. Aliandikiwa dawa ya mseto, sindano za antibayotiki za siku tano, vidonge vya antibayotiki nyingine na dripu mbili. Kwenye risiti dripu zilikuwa mstari mmoja, na kuwekewa dripu kulikuwa mstari wa pili.

Hapa inafaa kueleza jambo la kitaalamu kidogo, kwa sababu taifodi ya mitaani imekula fedha nyingi za wananchi. Kipimo kinachotumika zaidi kuitafuta ni cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake. Mtu anayeishi mahali ambapo ugonjwa huo upo siku zote anaweza kuwa na kingamwili hizo kutokana na maambukizi ya zamani au kutokana na bakteria jamaa, bila kuumwa taifodi leo. Kipimo kimoja, cha siku moja, kikionyesha chanya, kinasema machache sana, na njia ya kuaminika ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu, kazi inayotaka maabara kubwa na siku kadhaa. Lakini Widal ni rahisi, ni ya haraka, hulipiwa, na jibu lake huuza sindano. Zahanati ya serikali isiyo na kitendanishi haipimi, kwa hiyo haikosei kwa njia hiyo; ila hukosea kwa njia nyingine, kwa kuandika antibayotiki bila kupima chochote, kwa sababu tabibu ana dakika mbili na mgonjwa anataka kuondoka na kitu mkononi. Pande zote mbili, kwa sababu tofauti, zinalisha tatizo moja la usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Upasuaji wa uzazi ni mfano ulio wazi zaidi wa pande hizi mbili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba, kwa kiwango cha jamii nzima, upasuaji unaozidi takriban asilimia 10 ya uzazi wote hauhusiani tena na kupungua kwa vifo vya akina mama na watoto wachanga. Vijijini, ambako kituo cha afya hakina chumba cha upasuaji au hakina mtaalamu wa usingizi, wapo wanaokufa kwa kukosa upasuaji. Mjini, katika hospitali inayolipwa zaidi kwa upasuaji kuliko kwa uzazi wa kawaida, na ambako daktari angependa kumaliza kazi kabla ya usiku wa manane, wapo wanaopasuliwa bila sababu ya kitabibu iliyo thabiti. Mwanamke wa kwanza anaonewa huruma na kila mtu. Wa pili hupongezwa kwa kupata huduma nzuri, kisha hubeba kovu ambalo ujauzito ujao litamwongezea hatari.

Kwa nini vifo havihesabiki kirahisi

Wapo wanaosema tuachane na hisia, tuhesabu vifo. Ningependa iwe rahisi hivyo. Mfumo wetu wa rufaa unaanzia zahanati, unapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, hadi Muhimbili na taasisi maalumu kama Ocean Road kwa saratani na MOI kwa mifupa na ubongo. Kadiri unavyopanda ndivyo wagonjwa wanavyokuwa wabaya zaidi, na ngazi za juu karibu zote ni za serikali au za makanisa. Hospitali binafsi ndogo ina uhuru ambao hospitali za serikali za Dar es Salaam kama Amana au Temeke hazina: inaweza kumpa mgonjwa mahututi barua ya rufaa. Inaweza pia, bila kusema wazi, kumshauri ndugu kwamba fedha zikielekea kuisha ni afadhali mgonjwa ahamishwe mapema. Hospitali ya serikali ndiyo mahali pa mwisho pa kuhamishiwa, na mahali pa mwisho ndipo watu hufia.

Anayetaka kulinganisha kwa haki ni lazima ajue mgonjwa alifika katika hali gani, alitoka wapi, na alikaa huko saa ngapi kabla ya kuhamishwa. Kumbukumbu za aina hiyo zinahitaji faili linalomfuata mgonjwa, na kwa wengi wetu faili hilo bado ni daftari la shule lililoandikwa "matibabu" juu ya jalada, ambalo kila kituo kipya hulifungua ukurasa mweupe.

Kuna jambo lingine linaloipa serikali nafasi ya mbele katika magonjwa mazito, nalo ni wingi. Mkono unaorudia kazi ileile kila siku huwa stadi, na wagonjwa wengi wako serikalini. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, imekuwa ikifanya upasuaji na matibabu ya moyo ambayo zamani yalimpeleka mgonjwa India. Kwa upande mwingine, mtu mwenye shinikizo la damu anayehitaji kuonwa kila mwezi, kupimwa, kusikilizwa na kupewa dawa zilezile bila kukosa, anaweza kuhudumiwa vizuri zaidi katika kliniki binafsi ndogo iliyo karibu na nyumbani, ilimradi awe na uwezo wa kulipa mwezi baada ya mwezi. Hospitali ileile inaweza kuwa chaguo zuri kwa ugonjwa mmoja na la hatari kwa mwingine.

Nani anampima nani

Hospitali binafsi husajiliwa na kukaguliwa na Bodi ya Ushauri wa Hospitali Binafsi, na maabara zake zina bodi yake. Vituo vya serikali husimamiwa na Wizara ya Afya pamoja na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, maana yake mwenye mali ndiye mkaguzi. Zahanati binafsi isiyo na choo cha wagonjwa inaweza kufungwa; ya serikali isiyo na choo huandikiwa barua. Sisemi zifungwe, kwa kuwa kijijini huenda hakuna nyingine, ila nasema kipimo kinapaswa kuwa kimoja.

Kilijaribiwa kipimo kimoja. Mwaka 2015 na 2016 Wizara ilizungukia vituo vya ngazi ya msingi vipatavyo 7,000, vya serikali na visivyo vya serikali, na kuvipa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja, na vilivyofikia nyota tatu vilikuwa asilimia 2 tu. Tathmini iliyofuata, ya 2017 na 2018, ilikuta vya sifuri vimeshuka hadi asilimia 4 na vya nyota tatu au zaidi vimefikia asilimia 20. Ni hatua kubwa kwa muda mfupi, na inaonyesha kwamba mtu akijua anatazamwa hujirekebisha. Lakini nyota nyingi hutolewa kwa vitu vilivyopo na kwa taratibu zilizoandikwa, yaani sehemu ya kwanza ya Donabedian. Jaribio kubwa lililofanywa katika vituo binafsi na vya kidini hapahapa Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021, lilitoa onyo: vituo vilivyosaidiwa kupanda ngazi za viwango vilipata alama bora za viwango, lakini walipotumwa wagonjwa wa kuigiza, tiba waliyopewa haikuwa bora kuliko ya vituo vingine.

Kinachobadilisha tiba yenyewe kinaelekea kuwa cha kawaida zaidi na cha kuchosha zaidi. Mpango ulioanzia Haydom na kuendeshwa pamoja na Wizara ya Afya uliingia katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na kufuatilia uzazi wapatao 300,000. Wakunga walipewa kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, kifaa cha kumpulizia hewa kichanga asiyepumua, na kidoli cha kujifunzia kilichowekwa palepale leba, ili mazoezi yafanyike mara kwa mara kwa dakika chache badala ya semina ya hotelini mara moja kwa mwaka. Takwimu za kila kituo zilirudishwa kwa wahudumu wenyewe wazijadili. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2025, vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilikuwa vimepungua kwa takriban robo tatu, na vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua pia. Mwenye jengo alibaki yuleyule mwanzo hadi mwisho.

Nadhani hapa ndipo nguvu ya hoja inapostahili kuelekezwa, hasa sasa ambapo fedha za bima zinakuwa nyingi. Mwezi Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama kwa madai kwamba bei mpya hazifidii gharama, na kwa siku kadhaa watu wenye kadi mkononi walirudishwa mlangoni. Mjadala mzima ulikuwa juu ya bei: daktari bingwa alipwe shilingi ngapi, kipimo kiwe shilingi ngapi. Sikumsikia mtu akiuliza bima inalipia nini hasa. Mfuko unaolipa kila kipimo na kila sindano unanunua wingi, na muuzaji mwenye akili atauza wingi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inaupa mfumo wa bima nguvu ambayo mgonjwa mmoja mmoja hajawahi kuwa nayo, nguvu ya kukataa kulipia Widal isiyo na maana na ya kulipa zaidi mahali ambapo vichanga wanapona. Tume moja ya kimataifa iliyotoa ripoti mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu milioni 5 hufa kila mwaka kwa sababu ya tiba duni, ilhali wanaokufa kwa kutofika hospitali kabisa ni milioni 3.6. Wengi zaidi, yaani, hufa wakiwa wameshafika.

Mdogo wangu alipopata ujauzito wa pili hakutaka kuchangiwa. Alichukua karatasi akaandika maswali manne, akazunguka nayo hospitali tatu, moja ya serikali na mbili za binafsi: usiku wa Jumapili daktari wa zamu yumo ndani ya jengo au anapigiwa simu, damu ikihitajika inatoka wapi na inachukua muda gani, mtoto akizaliwa hapumui nani anampulizia hewa na kwa kifaa gani, na rufaa ikibidi, gari lipo na linakwenda wapi. Katika hospitali moja binafsi alijibiwa, "Dada yangu, usiwaze mabaya, kila kitu kitakuwa sawa." Katika ya serikali mkunga alimwambia bila kumung'unya kwamba damu wakati mwingine husumbua, aje na ndugu wawili wa kuchangia. Katika hospitali ya tatu muuguzi mmoja wa makamo, ambaye hata hakumkaribisha kiti, alisoma karatasi yote akiwa amesimama, akaichomoa funguo mfukoni, akamwongoza hadi chumba cha mwisho cha korido, akawasha mashine na kumwekea mkono juu ya mdomo wa ule mrija ili ahisi hewa inavyotoka.